Miezi Mitatu Bila Chumvi

Nesi alinipima presha mara ya kwanza, akacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, ni kile cha mtu anayeona mashine yake imeanza kuzeeka. Akafungua kitambaa mkononi mwangu, akakikung'uta, akakifunga tena, akaminya mpira, akasikiliza. Mara ya pili hakucheka. Akaniuliza kama nimekuja mbio. Nikamwambia nimekuja na gari. Akaniuliza umri wangu, wakati fomu yenye umri wangu ilikuwa mezani chini ya kiwiko chake. Nikamjibu: ishirini na sita. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje na mashine nyingine, mwenzake akaja, akapima, akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje.

"Mia na themanini kwa mia na kumi. Huyu si kijana, huyu ni babu."

Benchi la nje likacheka. Hasira yangu ilianzia hapo, na niseme ukweli, haijaisha hadi leo ninapoandika haya.

Ilikuwa miaka ile Manyara imekatwa kutoka Arusha na Babati yetu imepewa mkoa. Mji uliozoea kuamka na jogoo ukaanza kuamka na tipa. Kila kona kulikuwa na msingi unachimbwa, na kila mtu ghafla alikuwa na mjomba anayemjua mtu mkoani. Mimi nilikuwa dereva wa mojawapo ya hizo tipa. Tajiri yangu alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yangu ilikuwa kubeba mchanga kutoka makorongo ya Singe na matofali kutoka Mutuka, kuyamwaga kwenye viwanja vya ofisi mpya, na kurudi tena. Mara moja kwa wiki nilikwenda Magugu kuchukua mpunga wake. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuomba vitu, alikuwa na ombi moja tu nikienda upande ule: nimletee magadi, yale mabonge ya kuokotwa kando ya ziwa, kwa sababu ya sokoni wanachanganya na udongo. Mwanzoni mwa mwaka ule nilimletea debe zima, likajaa mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Alifurahi siku mbili.

Niliyaona magari ya mkoa yalipofika. Meupe, marefu, na viti ambavyo bado vimevaa nailoni. Madereva wake walikuwa wametoka Arusha na walishuka kwenye gari taratibu, wakafunga mlango kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa tipa kwa kamba ya katani. Nafasi za udereva zilipotangazwa niliomba siku ile ile. Tuliitwa kwenye majaribio uwanjani, tukapangiwa mapipa matupu, tukaambiwa turudi kinyumenyume katikati yake bila kugusa. Nilipita bila kugusa hata moja. Aliyenifuata, kijana mmoja mwenye kofia ya kugeuza nyuma, aliangusha pipa la tatu na kulikanyaga. Nilikuwa wa kwanza. Afisa utumishi aliniambia hivyo kwa mdomo wake: wewe ni wa kwanza, imebaki fomu ya afya tu.

Imebaki fomu ya afya tu.

Daktari alikuwa mtu mpole kutoka mikoa ya pwani, na upole wake uliniudhi kuliko kicheko cha manesi. Aliweka kalamu juu ya fomu, akaiondoa.

"Sisaini," alisema. "Utakuwa umewabeba viongozi, unashuka mlima, kichwa kinakuzunguka, gari linakwenda korongoni. Mimi ndiye nitakayeulizwa nani alisema huyu anafaa."

"Kichwa hakinizunguki, daktari. Siumwi popote."

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Hausemi." Akaandika kitu kwenye kadi. "Nakupa dawa. Njoo kila mwezi upimwe. Ikishuka ndani ya miezi mitatu nitasaini, na nitafurahi kusaini."

Nikaenda kwa afisa utumishi na kadi yangu. Akaisoma, akanitazama juu mpaka chini akitafuta huo ugonjwa ulipojificha. Akasema nafasi itanisubiri hiyo miezi mitatu, kwa kuwa magari mengine mawili hayajafika. Siku moja zaidi, anamwita anayenifuata. Anayenifuata ni yule wa pipa la tatu.

Basi. Mtu asiyeweza kurudisha gari nyuma alikuwa na damu inayotembea vizuri, na mimi niliyeweza nilikuwa na damu ya babu. Nenda kamlaumu nani.

Nilifanya kosa la kuwaambia watu. Pale kijiweni, madereva tunapokunywa kahawa, waliinuka wakanipisha kiti. "Mambo, mzee! Shikamoo! Presha? Wewe? Una mashamba mangapi?" Kwao presha ulikuwa ugonjwa wa matajiri na mama wanene, na kijana mwembamba mwenye kandambili akidai anayo, basi anajipandisha. Mmoja alinipa buku akasema nikamnunulie mke wangu wa pili zawadi, kwa vile lazima ninaye mahali. Tajiri yangu, mzee wa swala tano ambaye sikuwahi kumsikia akitukana, alinishauri kwa huruma kabisa: hayo ni mawazo, kijana, oa. Mzee wa kanisa letu alisema ni mawazo, nisali. Baba mdogo alipanda basi kutoka Mbulu, akafika na mfuko wa magome, akasema si mawazo, kuna mtu ananiroga, na kwamba hata kwa baba yangu kulikuwa na mtu.

Baba alianguka shambani, asubuhi, na jembe mkononi, mimi nikiwa darasa la sita. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo na alikuwa na nguvu za kubeba gunia peke yake. Tulizunguka miaka tukimtafuta aliyemfanya vile. Jirani mmoja alihama kwa sababu yetu. Sasa baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, anachemsha magome, anataka tuanze upya. Nilimwambia arudi na magome yake Mbulu. Sikumwambia kwa heshima. Mama alinikemea, kisha akamfungia mahindi mabichi ya njiani.

Mama ndiye aliyeuchukulia ugonjwa wangu kama kazi. Nesi alikuwa ameagiza kwamba anayenipikia aje asikie mwenyewe, na mama akaja, akavaa kile kitenge cha kanisani na sweta ya kijani iliyokuwa ya baba. Tulikaa mbele ya meza wote wawili. Nesi, yule yule wa kwanza, alimwamkia shikamoo, kisha akamfundisha kama anavyofundisha kila mtu.

"Mama, chumvi. Chumvi ndiyo adui wa huyu kijana. Kwenye mboga usitie, kwenye ugali usitie, mezani isiwepo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu. Chumvi hapana."

"Hata ile kidogo ya kuonjea?"

"Hata ile."

Mashine ya kupimia ilikuwa juu ya meza ile, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye sweta ya baba. Nesi hakuwaza kumpima. Daktari alipita akatusalimia, hakuwaza. Na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake, nina akili zangu timamu, nikihesabu siku zilizobaki za fomu yangu, sikuwaza pia. Nimewalaumu wale wengine kwa miaka mingi. Ni rahisi zaidi.

Tulipofika nyumbani Sigino, mama alichukua mkebe wa chumvi, akatoka nao nje, akampa jirani mbele ya wanawake waliokuwa wanapukuchua mahindi. Alitaka waone. "Nyumba hii haina chumvi tena," alisema, na kweli haikuwa nayo. Wale wanawake walicheka wakasema huyo mwanawe dereva atakuwa anakula majani kama mbuzi. Mama akawajibu kwamba mbuzi hawafi na presha. Na tangu siku ile hata yeye hakula chumvi. Nilimwambia asijitese, apike vyungu viwili. Alikataa. Alisema chungu ni kimoja na nyumba ni moja.

Nami nikashika masharti kama mtu anayeogopa viboko. Niliacha pombe, ambayo sikuwa nakunywa sana. Niliacha chipsi za stendi na mishikaki. Nilitembea kwa miguu kutoka Sigino hadi mjini kila alfajiri, na watu waliokuwa wanajua nina tipa walidhani nimefukuzwa kazi. Nilimeza vidonge vyangu, cheupe asubuhi na kile kingine cha kukojoza. Hicho cha kukojoza, Mungu wangu. Jaribu kubeba mchanga kutoka Singe huku umemeza kidonge kile. Kila mti wa barabara ile ulinijua. Tajiri alikuwa anaangalia saa yake nikirudi, na mimi siwezi kumweleza mzee wa heshima kama yule kwamba nimesimama mara nne.

Mwezi wa kwanza: mia na sabini na tano kwa mia na nane. Nesi akasema bado mapema.

Mwezi wa pili: mia na themanini kwa mia na kumi. Ile ile. Yaani mwili wangu ulikuwa umesoma namba ya kwanza ukaipenda.

Nesi aliweka kalamu chini. "Dawa humezi."

"Nameza."

"Vijana wote mnasema hivyo. Mnameza siku mbili kabla ya kuja huku."

"Nameza kila siku, dada. Nenda ukaulize miti ya Singe."

"Na chumvi?"

"Nyumbani hakuna chumvi. Mama yangu aliigawa. Ulimwambia mwenyewe hapa hapa."

"Basi unakula mjini."

Nilisimama. Nilipiga meza na kadi zote zikaruka. Nilimwambia maneno ambayo mtu haruhusiwi kumwambia nesi kama anataka kurudi kwake tena, kwamba yeye na mashine yake wote ni wabovu, na kwamba ananiita mwongo kwa sababu hajui kazi yake. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Unaona? Hasira hizo ndizo presha yenyewe." Benchi la nje likaguna kukubali. Hakuna jambo linaloumiza kama kuambiwa hasira yako ndiyo kosa, wakati una sababu nzuri ya kukasirika.

Daktari aliniongezea dawa. Zilibaki wiki tano. Yule kijana wa kofia nilimwona siku hizo hizo, amesimama nje ya uzio wa mkoa, anayaangalia magari. Alinisalimia vizuri. Nilitamani kumgonga.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanifariji, nacho kilikuwa chakula. Ninasema hivi kwa aibu. Wote waliniambia kwamba kula bila chumvi ni adhabu, kwamba mboga itakuwa kama majani ya kuchemsha. Lakini makande ya mama yalikuwa matamu. Maharage yalikuwa laini, yamepasuka yenyewe, na mlenda ulivutika vizuri na ladha yake kamili. Nilimsifia mama. Nilimwambia wewe ni fundi, unapika bila chumvi na bado naongeza. Aliona haya, akanipakulia tena.

Wiki ya kumi springi ya tipa ilivunjika njiani kwenda Mutuka. Nikaiacha kwa fundi, nikapata lifti, nikafika nyumbani saa saba mchana, saa ambayo sikuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi. Mama alikuwa jikoni, kile kijumba cha nje cha miti na udongo, amechuchumaa mbele ya jiwe la kusagia. Alikuwa anaponda bonge jeupe. Alilisaga mpaka likawa unga, akalikusanya kwa kiganja, akamimina kwenye chungu cha makande. Chungu kikatoa povu hadi mdomoni. Akasubiri povu litulie, akaonja kwa ncha ya mwiko, akatingisha kichwa, akamimina kiganja kingine.

"Mama, unatia nini?"

"Umerudi mapema. Shari gani?"

"Unatia nini?"

"Magadi." Alinishangaa. "Si yale uliyoleta?"

"Unatia kiasi gani hicho?"

"Nimeongeza. Bila chumvi chakula kilikuwa hakina kitu, na wewe ulikuwa unakonda. Nikaongeza magadi, ukaanza kula." Alitabasamu, kwa sababu huo ulikuwa ufundi niliousifia. "Chumvi sijatia hata chembe. Waliniambia chumvi, nikaacha chumvi."

Sikuwa nimesoma sana, lakini nilikuwa nimesimama kando ya lile ziwa. Nilikuwa nimeona yale mabonge yalivyoganda ufukweni, na niliwahi kulamba kidole. Nilijua ladha yake. Nilikuwa nimejua siku zote, na sikuwahi kuweka yale mawili mahali pamoja, chumvi na magadi, kwa sababu kwetu chumvi ni ya kutia ladha na magadi ni ya kulainisha maharage, na hakuna mtu katika Babati nzima aliyewahi kuviita kitu kimoja.

Nilikipiga chungu teke.

Nitaliandika kama lilivyo. Nilikipiga teke chungu cha mama yangu, kikapasuka kwenye mafiga, makande yakamwagika kwenye majivu na mchuzi wake ukazima moto. Nilipiga kelele. Nilisema amenimaliza, kwamba miezi yote nilitukanwa na nesi, nimekojoa njia nzima, nimetembea kama mwendawazimu, na yeye amekaa hapa ananilisha sumu kwa mkono. Nilisema kazi imekwenda na ni yeye. Niliuliza kama ndivyo alivyomfanyia baba.

Hilo la mwisho lilitoka lenyewe. Nililisikia likitoka.

Mama alibaki amechuchumaa. Kuku waliingia wakaanza kudonoa makande kwenye majivu. Akawaangalia.

"Waache wale," alisema. "Wao hawana daktari." Kisha akaokota vipande vya chungu, kimoja kimoja, akavipanga pembeni. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Magadi hayo uliyaleta wewe. Sikuyaleta mimi."

Kesho yake nilimchukua, tukaenda kwa nesi. Yeye alitembea mbele, na mkononi ameshika bonge moja la magadi kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi wa mahakamani. Nililiweka mezani mbele ya nesi. Nikamuuliza kama hili ni chumvi au si chumvi.

Nesi alilitazama bonge lile muda mrefu. Nilidhani anatafuta jibu. Kumbe alikuwa anafikiria chungu chake mwenyewe.

"Sasa maharage bila magadi," alisema polepole, "utayaivisha kwa mkaa wa nani?"

"Kwa hiyo na wewe unatia."

"Nani hatii?"

Alikwenda kumwita daktari. Daktari alipoliona alishika kichwa. Alisema lina kile kile kilichomo kwenye chumvi, kile kinachopandisha presha, na likitiwa kwa viganja halina tofauti na kumwaga chumvi yenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Alijibu kwa upole wake ule ule kwamba kwao hawapiki hivyo, hakujua tunakula kiasi hicho. Nikamgeukia nesi, ambaye alizaliwa hapa na anakula hapa. Yeye akasema hakuulizwa. Mama naye akasema hakuulizwa. Watu wote kwenye chumba kile walikuwa na haki, na fomu yangu ilikuwa na wiki mbili na siku chache, na sikuwa na hata mmoja wa kumpiga.

Daktari ndiye aliyemgeukia mama. "Na wewe mama, unakula chungu hicho hicho?"

"Chungu ni kimoja."

"Mpime," alimwambia nesi.

Mama alikunja mkono wa sweta ya baba. Nesi aliminya mpira, akasikiliza, akaminya tena. Safari hii hakuna aliyetangaza kwa sauti. Alimwonyesha daktari ile namba kwa kidole, na mimi nikachungulia. Ilianzia mia mbili na ishirini.

"Mimi siumwi," alisema mama.

Daktari alimweleza yote aliyonieleza mimi, na zaidi. Alimpa vidonge kwenye bahasha ya karatasi. Nilimsikia akimuuliza kuhusu baba, alikufaje, alikuwa na umri gani, na mama akimjibu kwa sentensi fupi. Daktari aliandika tu. Lakini njiani kurudi Sigino nilikuwa nawaza lile jembe, na yule jirani tuliyemhamisha, na miaka ya chungu kimoja. Nilitaka kumwomba mama msamaha. Nilimwambia anunue chungu kipya.

Zile wiki mbili tulikula maharage magumu. Mama aliyaloweka tangu jana yake, akayainjika asubuhi, yakaiva jioni, kuni zikaisha mara mbili haraka. Debe la magadi nililibeba mwenyewe nikalimwaga korongoni. Tulimeza vidonge pamoja, yeye na mimi, kila mmoja na kikombe chake cha maji. Zilikuwa siku nzuri, na ninapozikumbuka ndipo ninapopandwa na hasira zaidi.

Siku ya mwisho: mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Nesi alirudia mara tatu, na mara hii nilicheka mimi. Daktari alisaini. Alishika fomu ile sekunde chache kabla ya kuniachia, akasema haya si ya miezi mitatu, ni ya maisha, dawa usiache, magadi usirudie, na mama yako mlete kila mwezi. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye wino. Nilikimbia nayo hadi kwa afisa utumishi, nikafika nahema, presha labda imerudi ilikotoka, nikapewa barua.

Nilifika nyumbani jioni, nikakuta majirani uani. Mama alikuwa amekwisha kusikia. Walikuwa wanamwita mama wa dereva wa mkoa, na alikuwa anakataa kwa namna ya mtu anayetaka aitwe tena. Alikuwa amepika makande, chungu kipya kimejaa. Yalikuwa laini. Nilijua kabla sijaonja, nilijua kwa kuyaangalia.

"Umetia."

"Leo ni sherehe. Nimeazima kidogo kwa jirani." Aliniangalia kwa wasiwasi, akaangalia chungu, akakivuta karibu yake kidogo. "Wewe umekwisha kusainiwa. Si yameisha?"

Nilimuuliza dawa zake ziko wapi. Alisema ziko salama. Aliingia ndani akaja na bahasha yake ya karatasi, imejaa karibu yote. Siku zote zile alikuwa ananyanyua kikombe, anakunywa maji. Vidonge alikuwa ananiwekea mimi, ili vyangu vikiisha kabla ya siku ya fomu nisikwame.

"Mama, hizi ni zako. Wewe una presha kuliko mimi."

"Mimi?" alisema. "Mimi naomba kazi gani? Nani atanisainia?"

Hakuwa anakejeli. Aliuliza kweli. Katika miezi ile yote alikuwa ameona mtoto wake akihangaika, akitukana, akivunja vyungu kwa ajili ya presha, na hakumsikia hata siku moja akisema anaogopa kufa. Alisikia fomu. Kila siku fomu. Basi alielewa alichofundishwa: presha ni ugonjwa wa watu wenye karatasi ya kusainiwa, na yeye hakuwa nayo. Nilitaka kumkasirikia, na nilimkasirikia. Nilishika sahani yake nikaivuta. Aliishika upande wa pili. Tulivutana sahani mbele za wageni, mimi na mama yangu, presha mbili, mpaka mchuzi ukanimwagikia shati. Alishinda yeye. Aliila yote, taratibu, akinitazama.

Kila mwezi nilisema nitampeleka. Kila mwezi gari la mkoa lilikuwa na safari, Kiteto, Simanjiro, Mbulu, na nilirudi nimechoka na nina fahari. Kadi yangu mwenyewe ilikuwa safi. Mama alianguka shambani asubuhi moja, kwenye mistari ile ile ya baba, mimi nikiwa barabarani nimewabeba wakubwa, nafunga mlango kwa vidole viwili. Daktari alikuwa amesaini kwamba ninafaa kuendesha, na nilifaa. Niliendesha vizuri sana siku ile.

Hakufa. Upande wa kulia haukurudi, na maneno yalirudi machache. Siku hizi nampikia mimi. Nayaloweka maharage, nayainjika asubuhi, yanaiva jioni, nayaponda kwa mwiko kwa sababu ni magumu. Namlisha. Anatafuna mara moja, anakunja uso, anasukuma sahani kwa mkono wa kushoto, na neno analosema ni moja, na analisema sawasawa.

"Magadi."

Ninamwambia hakuna. Anaisukuma tena. Naivuta sahani, naye anaishika.